Ra ya Mgomba, La ya Nguzo

Katika alfabeti nzima, Anonciata Nyirabageni aliogopa herufi moja tu, nayo ni ra. Hofu hiyo ilimwingia mwaka 1978, mwaka wa vita vya Kagera, akiwa darasa la tatu huko Kiruruma, Karagwe. Wazazi wake, Mbonimpa na Mukantabana, walikuwa wamevuka kutoka Rwanda kabla hajazaliwa, wakapata kipande cha ardhi, wakapanda kahawa na migomba kama majirani zao. Nyumbani walisema Kinyarwanda, kisimani walisema Kirunyambo cha wenyeji, na lugha zote mbili zinatosheka na sauti moja pale ambapo Kiswahili kinadai mbili. Kwa hiyo siku Nyirabageni aliposimama darasani na kusoma kwamba baba anarara na mama anakura, hakuna mtoto aliyecheka, maana wote wangesoma hivyo hivyo. Aliyekasirika ni mwalimu, ambaye kwao kulikuwa mbali. Alimchapa mikononi, akamwambia ana ulimi mchafu.

Mtoto aliyepigwa hujifunza, lakini si lazima ajifunze kile alichopigiwa. Nyirabageni hakujifunza kutofautisha sauti zile mbili. Alijifunza kwamba ra huleta fimbo. Toka siku ile, kila neno lilipomtatiza, alichagua la, na walimu waliofuata wakaamini amepona.

Alipomaliza darasa la saba alipelekwa Bukoba kwa masista kujifunza kupiga chapa. Huko aling'aa. Taipureta haina masikio. Inataka macho na vidole, na Nyirabageni alikuwa na macho ambayo hayakuruka hata nukta. Alinakili kilichoandikwa, kama kilivyoandikwa. Alirudi na cheti chake, akaajiriwa Kayanga katika ofisi ya Umoja wa Vikundi, chama kilichowakusanya wakulima wadogo wa kata nyingi za Karagwe, wa kahawa, wa ndizi, wa asali. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa kumbukumbu za mikutano na kukata stensili za matangazo, zile karatasi za nta za kurudufia. Stensili yenye kosa moja aliitupa na kuanza upya. Leonidas, mtunza stoo na jenereta, alinung'unika kwamba anamaliza karatasi. Yeye alimjibu kwamba tangazo lenye kosa husomwa na watu wengi kuliko tangazo sahihi, kisha akaendelea na kazi yake. Miaka ikapita hivyo, naye akajenga jina la mtu ambaye kazi yake haihitaji kuangaliwa mara ya pili. Ni jina zuri, na ni jina la hatari kwa mwenye nalo.

Mwaka 1999 ikaja kompyuta. Marafiki wa Umoja huko ng'ambo waliitoa pamoja na ahadi. Kama ofisi ya Kayanga ingeweza kutengeneza kurasa za kueleza vikundi vyake, kila kikundi na ukurasa wake, wao wangeziweka kwenye mtandao wa intaneti, na wanunuzi wa kahawa na asali wangezisoma wakiwa makwao. Kayanga haikuwa na intaneti wala laini ya simu ya kutegemewa. Kurasa zingetengenezwa pale pale, zikahifadhiwa kwenye disketi, na disketi ikasafirishwa na mtu.

Fundi Placidius, mzaliwa wa Muleba aliyefanya kazi Bukoba, alikuja kumfundisha. Alimweleza kwamba asingeandika kila ukurasa upya. Angetengeneza kiolezo kimoja, kama kalibu ya kufyatulia matofali: kichwa mahali pake, picha mahali pake, orodha ya mazao mahali pake. Kikundi kipya kikija, anabadilisha maneno na picha, ukurasa unatoka na umbo lile lile. Umbo lenyewe huandikwa kwa alama fupi fupi ndani ya mabano yenye ncha, na alama hizo msomaji hazioni. Zinaiambia kompyuta tu: hapa anza mstari mpya, hapa chora jedwali, hapa weka picha. Na kabla ya kuutuma ukurasa, unaufungua kwenye mashine yako mwenyewe kwa programu waliyoiita brauza, ili uone kile ambacho msomaji wa mbali atakiona. Ni kama fundi cherehani anavyomvisha mteja gauni lenye pini kabla ya kushona moja kwa moja.

"Brauza ina tabia moja mbaya, dada," Placidius alimwonya. "Ukikosea, haisemi. Inairuka tu alama isiyoijua."

Placidius alifundisha kwa mdomo, na kwa huruma alitaja herufi kwa Kiswahili, kama zinavyosomwa darasa la kwanza: ba, da, fa, ha. Muda haukutosha. Akarudi Bukoba, na masomo yakaendelea kwa redio ya upepo iliyokuwa pembeni mwa ofisi, ile ambayo kila kituo cha misheni na cha mradi katika mkoa kilisikiliza. Placidius alitaja alama moja baada ya nyingine kupitia mikwaruzo ya redio, na Nyirabageni akaziandika kwenye mashine.

Mwenyekiti wa Umoja alikuwa mzee Desderius, mkaguzi wa kahawa mstaafu, mtu mnyoofu asiyependa vitu vya maonyesho. Yeye na kamati yake waliweka sharti mapema, na waliliweka hadharani. Kompyuta ile inakula mafuta ya jenereta. Ikifika siku ya mkutano mkuu na kiolezo hakifunguki safi kwenye brauza mbele ya wanachama, mashine itahamia Bukoba, kwenye umeme wa gridi na fundi wa karibu, na vikundi vitakavyotaka ukurasa vitausafiria huko. Sharti lilikuwa la haki. Lakini Nyirabageni alijua maana yake kwa watu. Akina mama wa Mabira, upande wa Kyerwa, walikuwa tayari wanatembea njia za miguu na kupanda baiskeli za watu ili kufika Kayanga. Bukoba wasingekwenda. Vikundi vyenye watu wao mjini vingepata kurasa, wengine wangesubiri mpaka wasahau walichokuwa wanasubiri. Na yeye angerudi kwenye stensili, akiwa mtu aliyepewa kazi ya mbele ya wote na ikamshinda mbele ya wote.

Siku aliyofungua kiolezo kwenye brauza kwa mara ya kwanza, aliona uji. Jedwali lililopaswa kuwa na safu lilikuwa limeyeyuka, maneno yote yamebanana katika mstari mmoja mrefu: jina la kikundi, kata, mazao, salamu, vyote vimeshikana. Picha ya kahawa ikianikwa juani haikuwapo kabisa. Nukta za orodha ya mazao zilikuwapo, zikiwa zimejipanga vizuri, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi, kwa sababu kitu kilichoharibika chote kinaeleweka, lakini kilichoharibika nusu kinamtania mtu. Alirudia kuandika alama zote kuanzia juu mpaka chini, polepole. Akafungua. Uji ule ule. Akarudia tena. Alimwuliza Placidius redioni, naye akamtajia alama zile zile kwa uvumilivu, naye akaziandika vile vile alivyoziandika kwanza, na brauza ikaruka vile vile ilivyoruka.

Akaanza kuilaumu mashine. Hapo alikosea, na ni kosa la watu waliozoea kusifiwa: kazi ikiharibika, wanatazama kila mahali isipokuwa mikononi mwao. Alisema labda vumbi limeingia. Alisema labda jenereta inatoa umeme mbaya. Leonidas aliapa kwamba jenereta yake haina lawama, na mara hiyo alikuwa anasema kweli.

Leonidas huyo huyo ndiye aliyemletea njia ya mkato. Kwenye ile programu ya kawaida ya kuandikia barua, alisema, Nyirabageni alikuwa na uwezo wa kuchora ukurasa mzuri kabisa, wenye jedwali na picha na rangi. Hiyo si kazi ya brauza, na kitu hicho hakiwezi kuwekwa kwenye mtandao, lakini kwenye kioo cha kompyuta kinapendeza. Siku ya mkutano aufungue huo, ajaze kioo chote, na aseme ndio kiolezo. Wazee watajuaje?

"Placidius atajua," Nyirabageni alisema.

"Placidius ni mtu wa kupewa kuku akanyamaza."

"Na disketi ikifika ng'ambo?"

"Ikifika ng'ambo, mashine itakuwa imeshabaki. Wewe unataka mashine ibaki au unataka nini?"

Nyirabageni alimwambia anataka ibaki kwa sababu inafanya kazi. Ikibaki kwa uongo, alisema, basi atakuwa amewaibia watu wa Mabira mara mbili, kwanza ukurasa wao, kisha muda wao wa kuusubiri. Leonidas akapandisha mabega na kwenda zake. Watu wa aina yake si wabaya. Ni wengi tu, na kila ofisi inaye mmoja, na kazi nyingi za nchi hii zimekufa kwa ushauri wa aina hiyo uliotolewa kwa sauti ya kirafiki.

Kilichomwokoa kilikuja kwa njia ya aibu. Mama Verdiana, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki wa Mabira, alifika Kayanga kwa shughuli zake, akapita ofisini kuona hiyo kompyuta inayozungumzwa. Alikuwa mfanyabiashara aliyeolewa kutoka Bukoba, mwenye macho makali na mdomo uliozoea kupatana bei. Nyirabageni alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akamwonyesha uji wake bila kuuficha, akieleza kwamba umbo bado linasumbua lakini maneno angalau yanasomeka. Maneno yale ya mfano aliyatunga mwenyewe. Kwa miaka yote alikuwa akinakili maneno ya wengine. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kutunga yake, na hakuwa amelitia maanani jambo hilo.

Verdiana alisoma akifuatisha kidole kwenye kioo. Kidole kikasimama.

"Mwanangu, hapa umeandika nini?"

"Kwamba wanachama wote hupiga kura kila mwaka, mama."

"Hukuandika hivyo. Umeandika hupiga kula." Verdiana akamgeukia, uso umekaza, macho yanacheka. "Huko ng'ambo watasema watu wa Karagwe wana mkutano mmoja kwa mwaka, na siku hiyo wanapiga kula mpaka jioni. Na waitu, mwenzangu, hawatakuwa wamekosea sana."

Nyirabageni alihisi mikono inawasha, mahali pale pale palipopigwa akiwa darasa la tatu. Akatazama vizuri. Si hapo tu. Kulikuwa na balabala badala ya barabara. Kulikuwa na malafiki wa Umoja. Kila mahali ambapo sikio lilimtatiza, kidole kilikuwa kimekimbilia la, kama mtoto anavyokimbilia nyuma ya mama. Alitaka kuzima mashine. Badala yake akaendelea kusoma, na swali likamjia lenyewe: ikiwa vidole vyangu vimefanya hivi kwenye maneno ninayoyajua, vimefanya nini kwenye alama nisizozijua?

Akafungua upande wa alama. Placidius alikuwa amemtajia alama ya kuanza mstari mpya kwa herufi mbili: ba na ra. Yeye alisikia ra kutoka kinywa cha mtu wa Muleba, akajiambia moyoni kwamba hiyo ni ra yetu ile, mwenyewe anataka kusema la, akamsahihisha bila hata kumwambia. Alikuwa ameandika bl. Akafuta l, akaweka r. Akahifadhi, akafungua brauza.

Mstari ukakatika pale ulipotakiwa kukatika. Jina la kikundi likakaa juu, kata ikashuka chini yake.

"Kumbe ilikuwa hiyo tu?" Verdiana aliuliza, maana alikuwa bado yuko nyuma yake.

Haikuwa hiyo tu. Asingeweza kubadili kila la kuwa ra, kwa sababu nyingine zilikuwa la za kweli. Zile nukta za orodha zilionekana kwa kuwa alama yake ina la, na hofu yake mara hiyo ilikuwa imepatia. Ilibidi amwulize Placidius, alama kwa alama. Saa ya redio ilipofika alishika kipaza sauti, na Verdiana, aliyekuwa na safari ya kurudi Mabira, akaamua safari isubiri.

"Mwalimu, alama ya picha. Herufi ya katikati ni ipi? Ova."

"Ni ra. Ova."

"Ra ipi? Ova."

"Dada, ra ni moja. Ra ya redio. Ova."

"Na ile ya lori? Ova."

"Hiyo ni ra ya rori. Ova."

Verdiana alifunika mdomo kwa kitenge. Nyirabageni hakucheka. Alielewa sasa ukubwa wa jambo: mwalimu na mwanafunzi walikuwa na ulimi mmoja, na kati yao kulikuwa na redio inayokwaruza. Wangeweza kutajiana herufi mpaka betri iishe. Kinywa hakingewasaidia, wala sikio. Kilichobaki ni jicho, ambalo kwake halikuwahi kukosea.

"Mwalimu," alisema, "usiniambie inavyosikika. Niambie inavyoonekana. Moja ni nguzo, imesimama wima, kama ile tunayoegemezea mgomba wenye mkungu. Nyingine ni mgomba wenyewe, mfupi, una jani moja limeinamia upande wa kulia. Katika alama ya picha, katikati kuna nguzo au kuna mgomba? Ova."

Kisha Placidius akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshika kichwa chake, kwamba ni mgomba. Akaongeza kwamba anaomba radhi, maana yeye siku zote aliona herufi hizo kichwani mwake akadhani na mwenzake anaziona.

Wakaanza upya. Alama ya safu ya jedwali ina mgomba mwishoni. Ya kiungo cha kwenda ukurasa mwingine ina mgomba baada ya ha. Ya mpaka wa jedwali ina migomba miwili, mmoja katikati, mmoja mwishoni. Ya kuunganisha vyumba viwili vya jedwali ina nguzo. Wakaendelea hivyo, mgomba, nguzo, nguzo, mgomba, mpaka sauti ya mzee mmoja wa kituo kingine upande wa Kyerwa ikaingilia kati na kuuliza kwa heshima shamba hilo lenye nguzo nyingi ni la nani, na kama wana ndizi za kuuza. Placidius alimjibu kwamba bado wanapalilia.

Nyirabageni alihifadhi kazi yake na kufungua brauza. Ukurasa ulisimama. Kichwa juu, kimekaa katikati. Picha ya kahawa kushoto, ndani ya mpaka mwembamba. Maelezo kulia, kila mstari mahali pake. Orodha chini. Verdiana alitoa kigelegele kimoja kirefu kilichomtoa Leonidas stoo akidhani kuna msiba au harusi.

Mtu mwingine angeishia hapo. Nyirabageni alikuwa amefunzwa na aibu yake kwamba jicho lililoridhika haliangalii tena, kwa hiyo hakulipa nafasi ya kuridhika. Placidius alikuwa amemwambia kwamba wasomaji wengine wana vioo vidogo. Akalipunguza dirisha la brauza mpaka likawa nusu, na kweli, upande wa kulia wa jedwali ukatoka nje kama mguu wa mtu aliyelala kitanda kifupi. Alikuwa ameliandikia jedwali upana usiobadilika. Akaliandikia upana wa sehemu ya dirisha, likajifunza kupanuka na kujikunja. Akajaza jina refu kuliko yote ya Umoja, lile la kikundi cha Mabira, aone kama litavunja chumba chake. Likavunja. Akalirekebisha. Akaiondoa picha, ajue ukurasa unasimamaje bila picha, kwa kuwa kuna vikundi ambavyo havijawahi kupigwa picha. Kila kasoro aliyoikuta aliifurahia, maana aliikuta yeye kabla ya mgeni. Sentensi zake mwenyewe alizipitia neno kwa neno, na pale alipotia shaka hakukisia. Alikwenda kuangalia neno lilivyochapishwa kwenye matangazo ya wengine.

Mkutano mkuu ulifanyika kwenye ukumbi wa ofisi. Wanachama walikuja kutoka Kiruruma, Ndama, Mabira na kwingineko, wakajaza mabenchi na madirisha. Nje liliegeshwa gari la Placidius aina ya pikapu, na nyuma yake kulikuwa na godoro na kamba. Hakuna aliyehitaji kuelezwa godoro lile ni la kulalia nini. Leonidas aliwasha jenereta. Mzee Desderius alisimama mbele, miwani puani, akamtaka karani aonyeshe.

Nyirabageni akafungua ukurasa wa kikundi cha Kiruruma, kisha wa Ndama. Watu wakasogea, wakanong'ona, wakatambua jina la kata yao. Baadhi wakapiga makofi. Desderius hakupiga.

"Hizi umeziandaa," alisema. "Mimi nilikuwa mkaguzi wa kahawa. Sikukagua gunia nililoletewa na mwenye gunia. Nilichagua mwenyewe, nikachoma kijiti katikati. Nataka kikundi ambacho hakijaandikwa, kiandikwe hapa, tuone."

Akachagua Mabira. Verdiana akasimama, akapita mbele, akaanza kueleza kikundi chake kwa mdomo: wao ni wafuga nyuki, mizinga yao iko karibu na msitu, asali yao wanairina mara mbili kwa mwaka. Vidole vya Nyirabageni vikasikika ukumbi mzima. Alijua kabisa amewekwa wapi. Hakuna karatasi ya kunakili. Kuna sauti tu, na sauti ya mtu wa Bukoba, na macho ya Umoja mzima mgongoni mwake. Alifika kwenye neno la kurina asali. Sikio likamwambia moja, hofu ikamwambia nyingine. Vidole vikasimama.

Angeweza kukisia. Nusu ya ukumbi isingejua. Akageuka kwenye kiti.

"Mama Verdiana, kurina. Mwanzoni ni nguzo au mgomba?"

Watu wakatazamana. Wachache wakacheka, kicheko kile cha watu wanaodhani wamemkamata mtu. Desderius akavua miwani.

"Karani anauliza herufi? Miaka yote hii hukuwahi kuuliza."

Nyirabageni akasimama, kwa kuwa alizoea kusimama anapozungumza na mkubwa. "Ndiyo, Mwenyekiti, na ndiyo sababu kiolezo kilikuwa kinaharibika. Vinywa vyetu sisi watu wa huku havitenganishi herufi hizo mbili, na mimi nilikuwa nakisia kwa kuogopa kuonekana sijui. Nikikisia, brauza inaruka, haisemi. Sasa siogopi tena. Nauliza, halafu naandika."

Desderius akarudisha miwani puani. Kisha akawageukia watu. "Mmesikia swali. Jibuni."

"Mgomba," alisema Verdiana, na benchi la Mabira likarudia nyuma yake, mgomba.

Baada ya hapo kazi ikawa ya wote. Kila neno lilipoleta shaka, Nyirabageni aliinua kichwa, na ukumbi ukajibu, mgomba kwa sauti moja, nguzo kwa sauti moja, na pale walipogawanyika mwalimu mmoja mstaafu kutoka Ndama alisimama na kutoa hukumu. Wale waliocheka mwanzoni ndio waliopaza sauti zaidi. Wakamaliza. Nyirabageni akahifadhi, akafungua brauza, akakaa pembeni ili asizuie kioo.

Ukurasa wa Mabira ulitokea wote kwa mara moja, safi, jina refu la kikundi likiwa limekaa kwenye chumba chake bila kuvunja chochote. Desderius akasogea, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Akaamuru dirisha lipunguzwe. Likapunguzwa, ukurasa ukajikunja na kubaki na adabu yake. Akaamuru lipanuliwe. Likapanuliwa. Akafuatisha maneno kwa kalamu yake iliyofungwa, mstari kwa mstari, mpaka mwisho, na hakukuta mahali pa kuchomea kijiti.

"Daraja la kwanza," alisema, na ndipo makofi yalipoanza, yakafuatwa na vigelegele, na Verdiana akamshika Nyirabageni mabega na kumtikisa kama mtu anayetikisa mti wa matunda.

Kamati haikuhitaji kwenda faragha. Mashine inabaki Kayanga, Desderius alitangaza, na karani atatengeneza ukurasa wa kila kikundi kitakachofika na maneno yake, kiwe na picha au kisiwe nayo. Kabla hajamaliza kusema, watu walikuwa wameshaanza kupanga mstari mbele ya meza, wakisukumana kuhusu nani alifika mapema. Leonidas alikwenda kuongeza mafuta kwenye jenereta bila kuambiwa, na hakunung'unika.

Placidius aliondoka alasiri. Godoro na kamba alivisukuma pembeni, na watu wa Kiruruma wakapakia mikungu ya ndizi mahali ambapo kompyuta ingelazwa. Disketi aliiweka kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Alimtafuta Nyirabageni amuage. Alimkuta amezungukwa na wanachama wa Ndama waliotaka ukurasa wao uongezwe jina la mto, naye Nyirabageni hakuinua kichwa, kwa kuwa alikuwa katikati ya neno.